Kasoro ya Nthenya

Mutomo, Kitui
7 Juni 1987

Kwa Nthenya, mama yangu,

Salamu hizi ninazifunga zikiwa na joto la Mutomo, natumaini zitafika huko Ohio kabla hazijapoa. Sisi ni wazima. Mvua ilitudanganya, lakini ndengu tumevuna kidogo. Mamako alikuja kutoka Nuu shule zilipofungwa, amenenepa, usimwambie nimesema. Shangazi yako Ndila bado yuko Wote kule Makueni, anashona nguo za watu na kuwagombeza.

Karani wa posta ameniuliza tena kwa nini mzee kama mimi ana mama Amerika. Nikamwambia mjukuu wangu amebeba jina la mama yangu, basi ni mama yangu, na kama kwao hawafanyi hivyo hiyo ni taabu yao.

Sasa jambo lenyewe. Unasema unaomba shule za madaktari, na hao wenyewe wanakuuliza kwa nini unataka udaktari. Hiyo nimeigeuza nimeshindwa. Mtu akiteremka mtoni kiangazi na jembe na mtungi, kuna mtu wa kumwuliza anaenda kufanya nini? Tena, miaka yote hii umesoma mimea na wadudu, kumbe bado hujaanza? Huko kwao ng'ombe hunoneshwa kwanza ndipo afundishwe kuvuta plau? Na hii ya tatu unijibu vizuri: ni kweli mtapasua watu waliokufa? Hao ni watu wa nani? Nani aliwaomba?

Nakuuliza kwa sababu soko lote nimeshaliambia wewe ni daktari. Aftin, yule rafiki yangu Msomali anayeninunulia mbuzi, ameshakuwekea mgongo wake unaouma uje uutibu. Kwa hivyo usichelewe.

Halafu hii barua. Unasema shule moja inataka barua ya mtu aliyekujua kabla ya Amerika, na umefikiria Mchungaji Kilonzo. Mchungaji amekuona ukiwa umeketi. Mimi nimekuona ukikimbia. Nitaandika mimi. Nilisoma mpaka darasa la pili na nilikuwa wa kwanza, na mwalimu aliponifukuza ni kwa sababu nilimsahihisha mbele ya watu.

Ni mimi babu yako,
Muthama wa Kiema


Ohio
19 Julai 1987

Kwa mpendwa Babu,

Barua yako imefika, na joto lake lilikuwa bado lipo. Mimi mzima. Nafanya kazi maabara likizo hii, naosha chupa na kulisha panya. Shangazi Ndila anikatie gauni lenye mikono mirefu, nitalihitaji.

Nakujibu kwa mpangilio wako. Wanauliza kwa nini kwa sababu waombaji ni wengi kuliko viti, wanatafuta namna ya kuwachambua. Nimeandika insha hiyo na kuichana, kila mara inaonekana ni ya mtu mwingine. Pili, ni kweli, hapa lazima umalize digrii kwanza ndipo uanze udaktari. Nimefanya na mtihani wao mkubwa, tuliingia asubuhi tukatoka jioni, na kichwa changu kilikuwa kama debe tupu. La tatu, la maiti, sijui. Nitauliza.

Lililo gumu zaidi ni hili. Nyingi ya shule hizi hazichukui mgeni. Zile za serikali huchukua watoto wa jimbo lao. Nimebakiwa na chache, na hii inayotaka barua ya nyumbani ndiyo iliyonijibu kama mtu anayejibu mtu. Kwa karo, kanisa la profesa wangu limesema litasimama nami. Nikikosa mwaka huu, visa inaisha nikimaliza chuo, na ninarudi na digrii ya wadudu.

Kwa hiyo Babu, tafadhali, Mchungaji Kilonzo. Ameandika barua kama hizi. Na lazima itumwe moja kwa moja shuleni ikiwa imefungwa. Mimi siruhusiwi kuiona wala kujua kilichomo. Nimetia sahihi hivyo.

Hapa kuna jambo la aibu. Ninayeishi naye chumba ana redio inayokwaruza. Nikaifungua nione kwa nini. Kumbe ilikuwa ya marehemu baba yake. Nimeirudisha lakini haongei nami. Je, Babu, pilipili ya Mutomo bado mnaanika juu ya paa? Na yule punda aliyekuwa akifungua lango mwenyewe, alijifunza wapi? Nilikuwa naliwaza jana.

Mjukuu wako,
Nthenya


Mutomo
13 Septemba 1987

Mama yangu,

Tumepata barua. Punda alikufa. Lango bado linafunguka kwa namna aliyolifundisha.

Barua ya Amerika nimemaliza na imeenda. Niliiandika mwenyewe kwa Kiswahili, karatasi mbili, kisha nikampelekea mwalimu Mulei wa shule ya msingi aigeuze Kizungu. Alisoma, akaniangalia.

"Mzee, barua za namna hii husifu tu."

"Mulei, wewe umeuza ng'ombe wangapi?"

"Sijauza."

"Basi andika."

Akaandika. Nikamwambia anisomee hicho Kizungu chake. Mimi Kizungu sikijui, lakini mahali alipotaka kupunguza nilimshika, kwa sababu sauti yake ilishuka. Nikamrudisha nyuma. Mkewe alikuwa jikoni anacheka. Mchungaji Kilonzo naye aliposikia alinuna, akasema kazi hiyo ulimpa yeye. Nikamwambia aombe tu, kila mtu na kazi yake.

Nilichoandika sikuambii. Wewe mwenyewe umesema umetia sahihi usijue. Nitakwambia tu niliiandika kama ninavyouza ng'ombe, na kutoka Mutomo mpaka Kyuso hakuna aliyewahi kurudi kwangu akilia.

Isipokuwa huyu Aftin. Aftin ameanza kuzeeka. Juzi amenirudishia mbuzi jike mweupe niliyemuuzia, mbele ya watu, eti sikumwambia kasoro yake. Miaka yote hii tunafanya biashara, amekula kwangu na mimi nimekula kwake, leo ananitangaza sokoni kama mtu wa kupita. Nimemrudishia pesa zake na nimebaki na mbuzi. Hatuongei.

Maiti umeuliza?

Muthama


Ohio
11 Oktoba 1987

Kwa Babu,

Natumaini mko salama na mmeanza kutayarisha mashamba. Huku majani yote yamekuwa mekundu na kuanguka, nikadhani miti inakufa. Wanasema ni kawaida.

Babu, nimesoma barua yako mara nyingi. Ninavyokujua, mbuzi wa Muthama huambiwa kasoro yake kabla ya kuambiwa bei. Nilikuwa nakaa pale sokoni kwenye gunia nikikusikiliza: "Huyu ana kikohozi asubuhi. Huyu hunyima mtoto titi la kushoto." Babu, hukuwaandikia kasoro zangu. Niambie hukuwaandikia. Hapa watu husifiana hata mtu wa kawaida anakuwa malaika. Mwenye kasoro moja kati ya malaika wote hao ataonekana ni mgonjwa.

Shule mbili zimekataa. Zilituma bahasha nyembamba. Siku hizi nikiona bahasha naipima kwa vidole kabla ya kuifungua.

Maiti nimeuliza. Profesa alisema ni watu waliokubali wenyewe wakiwa hai, wakaandika na kutia sahihi kwamba wakifa miili yao ipewe wanafunzi. Na masomo yakiisha wanafunzi na jamaa za marehemu hukutana kuwashukuru. Mimi sikutegemea hivyo. Wewe je?

Na huyo mbuzi wa Aftin alikuwa na nini? Mbona hukusema? Kwa nini mistari ya barua yako inapanda kama njia ya mlimani, na herufi zimekuwa kubwa, na mara mbili umeandika neno juu ya neno? Jicho lipi linakusumbua? Linauma au lina ukungu? Usiku ni bora au mchana? Umeanguka? Nani anakupeleka sokoni? Nijibu yote.

Nthenya


Wote, Makueni
20 Desemba 1987

Nthenya,

Niko Wote kwa Ndila. Nimekuja kutembea. Mtu anaweza kutembelea binti yake.

Ndila mzima. Gauni amekata. Krismasi tuko hapa.

Hao waliokubali kupasuliwa, hao ni watu. Nimemwambia Ndila, nimewaambia na majirani. Nilidhani huokotwa tu. Kama waliombwa wakakubali, basi hata mimi sina neno.

Macho yangu sikukuuliza. Yako mimi nimeuliza? Unafungua tena bila kuomba. Vile vile ulivyokuwa.

Muthama


Ohio
14 Februari 1988

Kwa Babu na Shangazi Ndila,

Heri ya mwaka mpya ingawa umeshakuwa mkuukuu. Gauni limefika na limenitosha, Shangazi ameshona kama aliyenipima jana. Nililivaa siku ninayotaka kuwaeleza.

Ile shule iliyotaka barua ya nyumbani iliniita. Nilisafiri kwa basi usiku kucha kwenda kaskazini, kwenye theluji ya kufika magotini. Walitutembeza waombaji wote, wengine baba zao ni madaktari na babu zao ni madaktari. Kisha kila mmoja akaitwa peke yake. Mimi nilipewa mama mmoja mzee, daktari wa upasuaji, mrefu, vidole vyake vimepinda kidogo. Hakuniuliza kwa nini nataka udaktari. Alifungua faili, akasema, "Nina barua hapa ambayo sijawahi kuona mfano wake. Najua hukutakiwa kuijua. Nitakusomea kipande, kwa sababu siwezi kukuuliza bila kukusomea."

Babu, nakuandikia nilivyosikia. "Mimi ni Muthama wa Kiema, muuzaji wa mifugo, na sijawahi kurudishiwa. Msichana huyu ana akili, hachoki, haogopi damu, na hasemi uongo hata pale uongo ungemsaidia. Kasoro yake ni moja. Akiona kitu kimefungwa, hukifungua kabla ya kuomba. Siku ya harusi ya shangazi yake alipasua moyo wa mbuzi uliowekewa wazee ili aone milango iliyomo ndani, na wazee wakakosa fungu lao. Nilimchapa, akaniuliza kwa nini milango ile inafunguka upande mmoja tu. Kasoro hiyo haijapona. Mkimchukua, mmeambiwa. Msinirudishie."

Pale nilitaka sakafu inimeze. Yule mama aliweka karatasi chini.

"Imepona?" akaniuliza.

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali mengi, Babu, lakini si hilo. Ulimi ulikuwa tayari kusema ndiyo. Nikakumbuka umewaambia sisemi uongo, na ningeanzia wapi? Nikamwambia haijapona. Nikamweleza habari ya redio ya yule rafiki yangu, na kwamba mpaka leo anazungumza nami kwa kifupi. Akauliza, "Na mgonjwa akiwa ndiye redio?" Nikamwambia hao waliokubali miili yao ifunguliwe, nilijua habari zao kwa sababu babu yangu aliuliza nani aliwaomba. Mimi sikuwa nimefikiria kuuliza. Nilikuwa nimefikiria tu kwamba nitaona.

Akaandika kitu kirefu. Hakutabasamu wala hakununa. Alinishika mkono akasema watanijulisha. Shule nyingine zote zimeshakataa sasa. Imebaki hiyo.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nimekukasirikia. Nilipofika Ohio hasira ilikuwa imepungua, na kilichobaki ni barua yako ya Desemba. Kwa hiyo nasema hivi. Nina swali kwako, Babu. Unalijua. Sitaliuliza. Naomba ruhusa kwanza. Ukisema hapana nitakaa na hapana yako, na nitakuandikia habari za theluji.

Nthenya


Wote, Makueni
10 Aprili 1988

Mama yangu,

Nimechelewa. Barua yako Ndila alinisomea, nikamwambia asome tena, nikakaa nayo.

Kwanza, huyo mama wa upasuaji ni mtu wa soko. Anajua kununua. Angekuwa hapa ningemuuzia.

Pili, nakupa ruhusa. Lakini usiulize, nitasema mwenyewe, kama ninavyosema sokoni.

Mzee mmoja wa Mutomo. Miguu mizuri. Meno ya mbele yapo. Sauti inasikika ng'ambo ya mto. Hana deni, hana kesi, hadithi zake ni nyingi na nyingine ni za kweli. Kasoro: jicho la kulia lina wingu jeupe, haoni nalo ila mwanga. La kushoto wingu limeanza. Hajui umbali wa kitu. Alianguka mara moja kwenye mtaro wa posta akasema ametaka kuketi.

Na yule mbuzi wa Aftin, jicho lake moja lilikuwa jeupe kama langu. Aftin alimchukua kwa neno langu bila kumkagua, na siku ya kumrudisha kila mtu sokoni aliliona. Mimi sikuliona. Mimi, Muthama. Ndiyo sababu niko Wote, si kutembea. Mutomo siwezi kuvuka uwanja wa mnada bila kuwagonga ng'ombe. Barua hizi naandika nikiwa nimewekewa kamba ya kushonea juu ya karatasi, nafuata kamba. Ndila ndiye aliyebuni.

Ndila anataka nipelekwe hospitali ya misheni. Nimekataa. Jicho langu hataligusa mtu mwingine ila daktari wangu. Nitakungoja. Nimeshasema na nikisema nimesema.

Wamekujibu?

Muthama


Ohio
29 Mei 1988

Kwa Babu,

Wamenijibu. Kwanza waliniweka kwenye orodha ya kungoja, nikamaliza mitihani na kuvaa joho nikiwa sijui kama nifunge sanduku la kurudi nyumbani au la kwenda kaskazini. Juzi ikaja bahasha nene. Nikaipima kwa vidole, nikaipa yule rafiki yangu wa redio, nikamwomba aifungue yeye. Aliifungua polepole, anapenda kulipiza. Wamenichukua, Babu. Septemba naanza. Mle ndani kuna kikaratasi kidogo cha mkono kutoka kwa mama wa upasuaji: "Mwambie muuzaji hatutamrudishia."

Sasa nisikilize, maana na mimi nimelelewa sokoni. Umesema unangoja daktari wako. Siwezi kukuuzia daktari bila kukuambia kasoro yake. Daktari huyu bado hajaanza. Ana miaka minne ya shule, kisha mingine ya kujifunza chini ya wakubwa, na macho ni elimu yake peke yake juu ya hiyo. Kabla hajaruhusiwa kugusa jicho la mtu, wewe utakuwa gizani muda mrefu sana, na akifika nyumbani hutamwona ana sura gani. Kama muuzaji mwingine angekuletea mnyama wa namna hiyo, ungemwambia nini?

Hilo lako wanaliita mtoto wa jicho, nimesoma. Hutolewa, na watu huona tena. Mimi, mamako wa Amerika, sina uwezo wa kukulazimisha. Naomba tu. Nenda hospitali ya misheni pale Mutomo siku daktari wa macho akiwepo. Ndila akushike mkono.

Nimeomba. Sasa nakungoja wewe.

Nthenya


Mutomo
21 Agosti 1988

Kwa Nthenya, mama yangu,

Salamu kutoka nyumbani, si kutoka Wote. Tazama mistari hii. Kamba nimemrudishia Ndila.

Nilikwenda. Sikwenda kwa sababu umeomba, nilikwenda kwa sababu mnyama uliyeniuzia hafai kwa sasa. Daktari wa macho alikuwa kijana, sauti yake ya Makueni, nadhani hata ndevu bado. Wakanilaza. Mikono yake ikaja usoni kwangu, nikamshika kifundo.

"Kijana, kabla ya kufungua, omba."

Muuguzi akacheka. Yule kijana hakucheka. Akarudisha mkono wake akasema, "Mzee Muthama, naomba nifungue jicho lako la kulia." Nikamwambia sasa endelea. Baadaye akaniuliza nani alinifundisha hiyo. Nikamwambia nina daktari Amerika. Kisha nikajisahihisha, kwa sababu nilikuwa nimelala chali na mtu akilala hivyo si vizuri kusema uongo. Nikamwambia hajawa. Ameingia shule tu.

Walipofungua bandeji nilimwona Ndila kwanza. Ana mvi, kumbe. Hakuna aliyeniambia. Wakanipa miwani minene kama chini ya chupa, ukiniona utakimbia. La kushoto watafungua baadaye. Nimeshamwambia kijana aje kuomba upya, ruhusa ya jicho moja si ya mawili.

Jumanne nilikwenda mnadani. Nilimpitia Aftin kwa makusudi, nikiwa na yule mbuzi mweupe. Nikasimama mbele yake nikatangaza kwa sauti: jike, mweupe, ananyonyesha vizuri, haoni jicho moja. Aftin akamzunguka mbuzi, akanizunguka na mimi.

"Na muuzaji?" akauliza.

"Muuzaji anaona moja. La pili linakuja."

Akacheka mpaka akaketi. Tulikunywa chai. Mgongo wake bado anakuwekea, nimemwambia angoje sana, maana wewe ndiyo unaanza. Alishangaa kusikia mimi nasema hivyo. Soko zima limeshangaa. Mulei naye anatembea kama aliyeandika barua ile yeye mwenyewe.

Septemba ukiingia humo wanamofunguliwa watu, yule wa kwanza utakayepewa, mwambie ahsante kabla hujaanza. Hasikii, lakini wewe utasikia.

Na mwambie mama wa upasuaji nimepata kikaratasi chake, ni biashara safi. Aliambiwa kasoro, akanunua, imekwisha, asinirudishie. Lakini kama siku moja atakurudisha, mimi nitakupokea na kasoro yako yote, wala sitauliza sababu. Hiyo usimwambie. Muuzaji hasemi maneno kama hayo.

Babu yako anayeona,
Muthama wa Kiema